Masharubu Yaliyohama: Maelezo ya Chama cha Sanaa ya Ufuoni Mbele ya Mwenyekiti wa Bodi

Mgeni rasmi, Mzee Felix Mbuthia, Mwenyekiti wa Bodi ya shule yetu, ambaye tunafurahi kuona kwamba leo masharubu yako yako mahali pake;

Mwalimu Mkuu; Naibu wa Mwalimu Mkuu, Madam Nabalayo, uliyeipitisha risala hii ikiwa na kurasa mbili, nayo sasa ina saba; mlezi wetu, Mwalimu Wasike; walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu; mpishi mkuu, Mzee Oketch, uliyetoka jikoni kuja kutusikiliza ilhali tunasikia harufu ya maharagwe yakiungua;

Na wewe Amolo wa kidato cha tatu, uliyeketi safu ya nne karibu na mlango ukidhani risala hii inahusu paa:

Hamjambo nyote.

KARIBISHO

Sisi wanachama thelathini na wanne wa Chama cha Sanaa ya Ufuoni tunakukaribisha tena. Tunasema tena kwa sababu ulikuwa katika ukumbi huu wiki tano zilizopita, ukaondoka kabla ya chakula. Mzee Oketch alikuwa amekuandalia kuku mzima. Tunakuhakikishia kwamba kuku huyo hakuharibika.

Tunajua leo umekuja kwa mambo mawili. La kwanza ni kuzindua tangi jipya la maji, ambalo tumelipigia makofi hapo nje tukiwa tumesimama juani. La pili ni kuongoza kikao cha nidhamu saa nane mchana. Katika kikao hicho Bodi itaamua kama Amolo atabaki shuleni au atafunga sanduku lake arudi kwao, mtaa wa Pioneer hapa mjini. Katika ratiba iliyobandikwa ubaoni, jambo hilo limeandikwa "Mengineyo". Sisi tunaona lina jina.

Tumepewa dakika kumi. Katibu wetu, George Kabiru, ndiye anayesoma. Amechaguliwa kwa kuwa ana sauti nzuri, na kwa kuwa ndiye pekee miongoni mwetu ambaye hajawahi kuitwa ofisini. Baada ya leo tutatafuta mwingine.

HISTORIA FUPI YA CHAMA

Wageni wengi hutuuliza: ufuo wa Eldoret uko wapi? Tunawajibu kwa heshima kwamba hauko. Kutoka lango la shule hadi kwenye maji yoyote yenye mawimbi ni safari ya saa kadhaa. Mchanga tunaoujua ni ule unaomwagwa na lori la mjenzi, na hata huo ukiukalia, fundi anakufukuza.

Chama kilizaliwa mwaka jana, siku Mwalimu Wasike alipotuambia tuchore "mazingira yetu". Tulikuwa wanafunzi arobaini na mmoja darasani. Arobaini tulichora mahindi. Wa arobaini na moja alichora ng'ombe, lakini ng'ombe huyo alikuwa amesimama ndani ya mahindi. Mwalimu Wasike alizipanga karatasi zote ukutani, akaziangalia kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaketi. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka kama kuna yeyote humu duniani anayetoka mahali pengine.

Hapo Amolo akasimama.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa ziwa."

"Ziwa lipi? Si wewe unakaa Pioneer?"

"Pioneer nakaa tu, mwalimu. Lakini kutoka, natoka ziwani."

"Basi mbona umechora mahindi?"

"Nilikuwa nawaonea huruma hawa wengine."

Mwalimu Wasike alimwambia alete hilo ziwa tulione. Alidhani amemaliza. Lakini Amolo alimpigia simu nyanya yake, ambaye yeye humwita Dani, yaani Mama Maximilla, anayeishi karibu na ufuo ambapo wavuvi hushusha samaki. Wiki mbili baadaye, gunia likafika. Mlinzi wa lango alilisikia harufu kabla ya kuliona, akakataa kulipitisha hadi aonyeshwe barua ya Mwalimu Mkuu. Ndani mlikuwa na mizizi iliyolainishwa na maji hadi ikawa kama mifupa, mafunjo makavu, mabua ya gugu maji, mawe mviringo, manyoya ya ndege, magamba ya samaki kilo mbili, na maganda ya konokono ya kila ukubwa.

Tangu siku hiyo Amolo akawa mwenyekiti wa chama, na kila neno lake kuhusu ziwa tukaliandika. Alitufundisha jinsi wavuvi wanavyoamkiana. Alitufundisha kujua samaki mwenye hasira kwa kumwangalia mgongo. Alituwekea pia Kanuni mbili za Ufuo, ambazo tunaomba Bodi izisikilize kwa makini, kwa sababu maafa yote yametoka humo.

Kanuni ya Kwanza: hakuna kitu cha dukani kitakachoingia katika kazi yetu, hata gundi. Gundi tutaipika wenyewe kwa magamba ya samaki.

Kanuni ya Pili: kitu kitumike kama kilivyookotwa. Hakikatwi, hakipakwi rangi, na juu ya yote, hakioshwi. Nduta, mweka hazina wetu, ambaye ni mtoto wa muuza duka wa Kimumu na hawezi kuona vumbi akanyamaza, aliuliza kwa nini tusioshe angalau yale maganda.

Amolo alimtazama kwa muda mrefu. "Nduta," akasema, "ziwa halioshwi."

Ilikuwa kauli nzito. Tuliiandika kwenye jalada la daftari la kumbukumbu. Hakuna aliyekumbuka kwamba wiki hiyo mfereji wa bafuni ulikuwa umekauka, na kwamba zamu ya kuchota maji kisimani ilikuwa ya Amolo.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu ni mengi kuliko unavyoweza kudhani ukizingatia tulivyoonana mara ya mwisho.

Tulijenga korongo wa mizizi mwenye urefu wa mtu mzima, asimamaye kwa mguu mmoja bila msumari. Alisimama siku kumi na moja. Tulishona pazia la magamba ya samaki, na jua la asubuhi likilipiga, ukuta mzima wa darasa la sanaa unametameta hadi somo la Kemia upande wa pili linasimama. Tulifanya majaribio ya kuchora kwa moshi wa mafunjo, majaribio ambayo hatutayarudia. Katika mashindano ya sanaa ya wilaya tulikuwa nambari mbili. Wengine wanapenda kuongeza kwamba shule zilizoshiriki zilikuwa mbili. Hao ni watu wa wivu.

Gundi nayo ilifaulu. Mzee Oketch alitupa kona ya jiko na sufuria aliyosema hataitaka tena. Nduta alikoroga magamba saa nne mfululizo, pua yake ikiwa imezibwa kwa pamba, na gundi ilipopoa ilishika jiwe kwenye ubao kama limeota hapo. Kasoro yake ni moja tu, nayo tuliijua baadaye: ikinyeshewa, inayeyuka.

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya sura yako.

Tuliposikia utakuja, Amolo aliitisha mkutano. Alisema wageni wote huchorwa kwa penseli, na wote hufanana na mtu mmoja ambaye hakuna anayemjua. Wewe, alisema, utatengenezwa kwa ziwa. Tulichukua ubao mkubwa kama mlango. Uso tukautengeneza kwa mafunjo, pua kwa mzizi, macho kwa mawe meusi. Shingo ilikuwa gogo. Nywele, nyusi na masharubu vilikuwa vya konokono, maganda mia mbili na kumi na mawili, yaliyopangwa moja moja kwa wiki tatu.

Kwa masharubu Amolo hakutaka maganda ya kawaida. Alimpigia Dani simu tena akataka "wale wakubwa, weusi, walio na kifuniko mdomoni, kwa sababu wanang'aa". Dani akauliza wa nini. Amolo akajibu ni wa masomo. Tulipata ishirini na wanane, wazuri sana, kila mmoja amejifunga kifuniko chake kama mtungi. Mwalimu wa Biolojia alipita dirishani, akatazama, akasema, "Moluska hao," akaenda zake kunywa chai. Hatumlaumu. Alisema kweli.

Tunaomba uamini jambo moja, mgeni rasmi. Katika wiki zile tatu hatukucheka. Tulikuwa na picha yako iliyokatwa kwenye gazeti la shule, na Amolo aliishika karibu na ubao hadi mkono ukamfa ganzi. Sharubu la kushoto alilibandua mara nne kwa sababu halikuwa na ile hali yako ya kuinuka kidogo pembeni. Mtu anayepanga kukuaibisha hapangi sharubu mara nne.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni paa. Paa la chumba cha sanaa linavuja mahali pamoja tu, na mahali hapo ndipo tulipokuwa tumekuegemeza.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi tulikukuta umelowa kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Tulikufuta kwa sweta ya Nduta, ukaonekana vizuri kuliko jana, tukakubeba hadi ukumbini na kukufunika kwa shuka jeupe. Saa tano kamili ulilivuta shuka hilo wewe mwenyewe. Watu wakashangilia. Ulijitazama, ukasema, na hili liko kwenye kumbukumbu, "Wamenipata kabisa." Amolo alifunga macho kwa furaha. Kisha ukaigeuzia picha mgongo, ukaanza hotuba yako kuhusu nidhamu.

Yaliyofuata tutayasimulia kama tulivyoyaona kutoka safu ya pili.

"Amolo," Nduta alinong'ona. "Sharubu la kulia linapanda."

"Linapanda wapi?"

"Juu."

"Wacha mchezo, Nduta."

"Aki si mchezo. Sasa limefika kwa shavu."

"Ni macho yako. Si ulikosa chai?"

"Basi mbona Mwalimu Wasike ameanza kuomba?"

Mgeni rasmi, wakati huo ulikuwa ukisema kwamba kijana asiye na msimamo hutangatanga. Nyuma yako, masharubu yalikuwa yametengana. La kulia lilikuwa likielekea sikioni kwa mstari ulionyooka. La kushoto lilikuwa limegawanyika, nusu ikishuka kidevuni. Konokono mmoja mkubwa alikuwa amesimama kileleni mwa pua yako, ametoa pembe zake mbili, anaangalia wasikilizaji. Kidato cha kwanza wakaanza kucheka. Ulidhani wameipenda hotuba, ukaongeza sauti. Wakacheka zaidi, ukatabasamu, ukasema mzaha kuhusu ng'ombe ambao hatuukumbuki. Ukumbi mzima ukalipuka.

Ndipo ulipogeuka.

Tungependa kusema hatukuwa tukikucheka wewe. Tumekaa kwenye mkutano mzima kutafuta namna ya kuliandika hilo bila kusema uongo, tumeshindwa. Tulikucheka kidogo. Lakini ulipochukua kofia yako mezani na konokono akawa amekutangulia humo ndani, wengi wetu tuliacha kucheka, kwa sababu tuliuona uso wa Amolo. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa akiwatazama konokono wale kama mtu aliyeona viatu vyake vikiondoka bila yeye.

Uso huo hakuna mwalimu aliyeuona. Walimu walikuwa wakikukimbilia wewe.

Changamoto ya pili ni sifa za Amolo mwenyewe. Hatuzifichi. Ni kweli kwamba muhula wa kwanza alibandika tangazo, kwa mwandiko unaofanana sana na wa ofisi, kwamba mkaguzi wa soksi anakuja kutoka Nairobi, na shule nzima ikafua soksi Jumamosi kutwa. Ni kweli kwamba alijaza sanduku la chaki vipande vya muhogo, na mwalimu wa Hisabati akaandika ubaoni kwa dakika kadhaa akidhani macho yake ndiyo yamechoka. Kwa makosa hayo alifyeka nyasi, akapewa onyo la mwisho. Kwa hiyo masharubu yalipotembea, hakuna aliyeuliza ni nani. Madam Nabalayo alinyoosha kidole tu. "Amolo. Ofisini."

Hapa tunapaswa kukiri kwamba wanachama sita, ambao hatutawataja, walikuwa wameinama chini ya dirisha la ofisi wakifunga kamba za viatu. Waliyoyasikia ni haya.

"Ulijua hao wadudu wako hai?"

"Si wadudu, Madam."

"Sijakuuliza ukoo wao. Ulijua, ama hukujua?"

Kimya. Mgeni rasmi, kimya hicho kilikuwa kirefu, na jibu lilikuwa jepesi. Angesema "sikujua", angeambiwa aoshe ukumbi, na mambo yangeisha. Tunaamini alikuwa ameshafungua mdomo kulisema. Lakini Madam aliongeza neno, bila ubaya wowote:

"Kwani si wewe ndiye mtu wa ziwa? Unataka kuniambia mtu wa ziwa hajui konokono?"

Basi Amolo akasema, "Nilijua, Madam."

"Ulifanya makusudi?"

"Nilifanya makusudi."

Alipotoka nje, sisi tulimpokea kama shujaa. Hilo ndilo tunaloliona aibu leo. Tulimwinua juu. Kidato cha kwanza walitaka awatie sahihi kwenye madaftari. Tulisema hajawahi kutokea mzaha kama huo katika shule yoyote ya Uasin Gishu, mzaha unaopangwa wiki tatu na kutekelezwa kwa mvua. "Ulijuaje kama mvua itanyesha?" tulimuuliza. Akajibu, "Mtu wa ziwa hujua mvua." Alikuwa akicheka nasi, lakini jioni hiyo aligawa mkate wake wote, na wanaomfahamu Amolo wanajua kwamba yeye na mkate hawaachani hivihivi.

Changamoto ya tatu hatukuijua hadi siku ya wazazi, Jumapili iliyopita ile nyingine.

Siku hiyo Dani alikuja, amesafiri tangu alfajiri, na mkononi ana mfuko wa omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Amolo alikimbia kumtafutia kiti chenye mgongo. Sisi tukamzunguka yule mama na kumpongeza kwa kulea msichana anayelijua ziwa kuliko vitabu.

"Nani?" akauliza Dani.

"Amolo."

"Amolo huyu? Huyu wa mtoto wangu?" Alicheka hadi akavua miwani. "Nyinyi watoto, huyu amekuja kwangu mara tatu tangu azaliwe. Mara zote tatu ni matanga. Alikataa kuingia majini, akasema ziwa linapiga kelele. Binamu zake wanamwita Mgeni wa Eldoret. Alipoona konokono ukutani kwangu alipiga nduru, majirani wakadhani kuna maiti mwingine."

Tulimuuliza kuhusu wale wenye vifuniko.

"Wale wamelala," akasema. "Maji yakikauka, konokono anajifungia mlango, analala hata miezi. Ukimmwagia maji anaamka, anakwenda zake. Mtoto yeyote wa kwetu anajua. Nilishangaa shule inataka wa nini, nikasema labda ni sayansi." Kisha akatazama kule Amolo alikokuwa anakuja ameinua kiti juu ya kichwa, akapunguza sauti. "Lakini msimwambie nimesema. Simu zake zote ananiuliza habari za ziwa. Wavuvi wanaamkianaje. Samaki yule ana mgongo gani. Nilikuwa nadhani ni kazi ya mwalimu. Kumbe ni yake."

Ndipo tulipoelewa kile kimya cha ofisini. Huko ziwani Amolo ni mtu wa Eldoret. Pioneer yeye ni mmoja wa wale waliotoka ziwani. Mahali pekee ambapo ana kwao kusikobishaniwa ni chumba cha sanaa chenye paa linalovuja, mbele ya watu thelathini na watatu wasiojua lolote. Alitakiwa achague: afukuzwe akiwa mtu wa ziwa, au abaki akiwa mtu wa mahindi kama sisi. Akachagua sanduku.

Amolo, tunajua sasa umesimama. Mwalimu wa zamu, tafadhali mwombe aketi. Tunakaribia mwisho.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tuna maombi matatu.

Tunaomba karai. Kanuni ya Pili tumeibadilisha kwa kura, thelathini na watatu wakiunga mkono, na mwenyekiti akiwa hakualikwa. Kuanzia sasa kila kinachotoka ufuoni kitaoshwa kwanza, na kitakachoondoka chenyewe hakitabandikwa.

Tunaomba ruhusa ya kuwarudisha konokono kwao. Waliokuwa hai, pamoja na waliojificha kwenye nywele na nyusi, walikuwa sitini na watatu. Tumewapata hamsini na wanane, wako kwenye ndoo ya maabara, wanakula kabeji. Wanne hatujui waliko, ingawa mmoja alionekana maktaba upande wa magazeti. Dani amekubali kuwapokea akija siku ya kufunga muhula.

Aliyebaki ndiye ombi letu la tatu.

Jumamosi iliyopita tulimwekea Amolo maganda kumi mezani. Tulimwambia tunataka kuanza kazi mpya, atusaidie kutenga walio hai na waliokufa, maana yeye ndiye mtaalamu. Matano yalikuwa matupu, yako wazi, unaona hadi ndani. Matano yalikuwa na vifuniko. Amolo aliyanusa. Aliliweka moja sikioni, akatikisa kichwa kama daktari. Kisha akayatenga kwa uhakika mkubwa, na akakosea yote kumi. Hata anayebahatisha angepata mawili matatu. Lile kubwa kuliko yote, jeusi, lenye kifuniko kinachong'aa, aliliinua juu akasema, "Huyu alikufa zamani, nitamweka kama kumbukumbu," akalitia mfukoni.

Leo ni Jumatano. Mgeni rasmi, tunaomba umwite Amolo hapo mbele, na umwombe atoe kilichomo katika mfuko wa kushoto wa sweta yake. Tunaambiwa na wanaolala naye bweni moja kwamba tangu jana, alipopigwa na mvua akitoka mchezoni, mfuko huo umekuwa na unyevu, na kipande cha mkate kilichokuwamo kimekuwa kikipungua. Yeye anadhani ni panya.

Tumezisoma kanuni za shule zote arobaini na mbili. Kuidhihaki Bodi kumo, namba tisa, na adhabu yake ni kufukuzwa. Kutojua konokono hakumo. Tunaiomba Bodi imhukumu Amolo kwa alilolifanya, nalo ni kujifanya mjuzi. Kwa kosa hilo hata sisi tuliomwamini tuko tayari kufyeka nyasi pamoja naye, kuanzia lango kuu hadi uwanjani.

Haikuwa rahisi kuandika haya. Tulikuwa na mwenyekiti aliyefanya mzaha mkubwa kuliko wote, na leo tumemvua sifa hiyo kwa mikono yetu, mbele ya wazazi. Tunajua tukimaliza kusoma hatatusemesha. Atatununia hadi mwisho wa muhula huu, na huenda muhula ujao wote. Ndilo tunaloliomba, mgeni rasmi: awepo muhula ujao, atununie.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako huko Elgon View, azibariki familia za wote waliofika, na akulinde uendapo na urudipo, masharubu yako yakiwa mahali pake siku zote.

Ni sisi, tulio mbali na ufuo wowote,

Wanachama wa Chama cha Sanaa ya Ufuoni, thelathini na wanne, kwa sasa.